Mkono wa Kushoto wa Mchongaji

Ukimtazama mchongaji wa kidijitali akiwa kazini, macho yako huenda moja kwa moja kwenye mkono wa kulia. Ndio ulioshika kalamu, ndio unaotembea juu ya tableti, ndio unaoonekana kuinua pua kutoka kwenye tufe tupu. Mimi nimezoea kuutazama wa kushoto. Umetulia kwenye kona ya kibodi, kidole kidogo kikisubiri kati ya Shift na Ctrl, kidole cha shahada kikiwa jirani na F na G. Kwa fundi aliyekomaa mkono huo hautafuti kitu wala hauangaliwi. Lakini kila baada ya sekunde chache hubonyeza, na papo hapo kalamu ile ile iliyokuwa ikiongeza udongo inaanza kuuchimba, au kuulainisha, au kuushika na kuuvuta. Naamini sehemu kubwa ya ufundi huu imo katika mkono huo usiotazamwa, na anayejifunza kuchonga kwenye kompyuta angefanya vyema kuanza nao kabla hajajua jina la brashi hata moja. (Wanaoshika kalamu kwa shoto hugeuza mpangilio wote, na programu nzuri huwaruhusu kupanga vitufe upya.)

Nitazungumzia zaidi Blender, kwa kuwa ndiyo programu ambayo mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu anaweza kuipakua leo bila kulipa hata senti, akaifungua kwenye kompyuta ya kawaida na kuanza. Uhuru huo una historia yake. Blender ilizaliwa Uholanzi miaka ya 1990 ndani ya NeoGeo, studio ya uhuishaji ya Ton Roosendaal, ikiwa chombo cha matumizi ya ndani. Kampuni iliyokuja kuiendeleza baadaye ilifungwa, na mwaka 2002 Roosendaal akawaomba watumiaji wachangie yuro 100,000 ili msimbo wake ukombolewe kutoka kwa wawekezaji. Fedha zilipatikana ndani ya wiki saba. Tangu Oktoba mwaka huo programu ni huru: yeyote anaweza kuitumia, kuichungulia ndani na kuirekebisha. Na kule kuzaliwa studioni kuliiachia tabia moja ninayoipenda. Ilitengenezwa na watu waliokuwa na kazi ya kumaliza, mkono mmoja ukiwa kwenye kibodi na mwingine kwenye kipanya, kwa hiyo karibu kila kitendo kina kitufe chake.

Uchongaji wenyewe haukuanzia hapo. Kwa miaka mingi kutengeneza sura ya mtu ndani ya kompyuta kulimaanisha kuhamisha nukta: unachagua moja, unaisogeza, unachagua ya pili, na baada ya siku nzima una pua yenye pembe. Aliyezoea udongo halisi hakuwa na nafasi pale. Ujuzi wa vidole vyake haukumsaidia chochote. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa SIGGRAPH, kampuni ya Pixologic iliyoanzishwa na Ofer Alon na Jack Rimokh iliionyesha ZBrush, programu ambayo hatimaye ilimwezesha msanii kupitisha brashi juu ya umbo na kusogeza maelfu ya nukta kwa mpigo mmoja. Studio kubwa za filamu ziliipokea, na mwaka 2014 akademia inayotoa tuzo za Oscar ilimtunuku Alon tuzo ya kiufundi kwa kazi hiyo. Blender ilipata zana zake za kuchonga kupitia mwanafunzi, Nicholas Bishop, aliyeziandika katika mradi wa likizo wa Google wa mwaka 2006. Zikatoka rasmi kwenye toleo la 2.43 mapema mwaka uliofuata.

Sasa ule mkono. Katika hali ya Sculpt ya Blender, brashi ya kawaida ina tabia tatu, na zote tatu zinakaa chini ya kidole kimoja. Ukipitisha kalamu peke yake, uso wa umbo unainuka. Ukishikilia Ctrl, mpito ule ule unachimba. Ukishikilia Shift, unalainisha. Ukiachilia, umerudi ulipokuwa. Hakuna kuchagua brashi nyingine, hakuna menyu, hakuna kuondoa macho kwenye shavu unalolijenga. Aliyewahi kumtazama msusi hodari ataelewa: vidole vya mkono mmoja vinasuka, vya mkono wa pili vinashika mstari wa nywele, na vile vinavyoshika havionekani kufanya kazi mpaka ujaribu kusuka bila hivyo.

Mpango huo wa kuongeza, kupunguza na kulainisha si wa Blender peke yake. Kwenye ZBrush pia Shift inalainisha, ila kuchimba kumepewa Alt na Ctrl imeachiwa kazi ya maski, yaani kukinga sehemu zisiguswe na brashi. Anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine husumbuka siku za mwanzo kwa tofauti hiyo ndogo, kwa sababu kidole huenda kilikozoea kabla akili haijaamua. Usumbufu huo wenyewe ni ushahidi wa jambo ninalolisema. Kitufe kilichoeleweka hakikai tena kichwani; kimehamia kwenye mkono, na mkono hausahau haraka.

Kitufe kingine ninachokisifu ni F. Ukikibonyeza, duara la brashi linasimama mahali lilipo, na ukisogeza kalamu, linapanuka au kusinyaa mbele ya macho yako, juu ya umbo lenyewe. Ukigusa mara moja, ukubwa umekubaliwa. Ukibonyeza Esc, umeuacha kama ulivyokuwa. Shift pamoja na F hufanya hivyo hivyo kwa nguvu ya brashi. Zingatia ni nini hakikufanyika: hukusoma namba. Ungeweza kupanda juu ya skrini ukaandika pikseli 80, lakini 80 haimwambii mchongaji kitu. Duara lililolala juu ya tundu la jicho linamwambia yote anayohitaji, kwamba brashi hii inatosha, au kwamba itavuka mpaka na kuivuruga nyusi.

Tena ukubwa wa brashi, kwa kawaida, hupimwa kwa skrini wala si kwa umbo. Ukisogea karibu na sanamu, duara linabaki vilevile machoni, lakini eneo la ngozi linalofunikwa limepungua. Ndiyo maana wachongaji wazoefu hupitisha muda mrefu bila kugusa F. Wanasogea karibu kuchonga kope, wanarudi nyuma kuchonga taya, na umbali wenyewe umekuwa kipimo. Nguvu nayo wanaiachia kalamu. Kalamu nyingi za sasa hutofautisha hadi viwango 8,192 vya mgandamizo, na mkono uliotulia unaweza kuanza mpito kwa kugusa tu, ukazamisha katikati, ukamaliza kwa kuinua polepole. Anayechonga kwa kipanya hana mgandamizo huo. Anaweza kujifunza yote mengine, na vijana wengi wameanza hivyo, lakini atalazimika kuishusha nguvu ya brashi na kupita mara nyingi pale ambapo mwenye kalamu angepita mara moja.

Ili kuona kwa nini vitufe hivi vichache vinatosha, inabidi kujua kompyuta inashika nini hasa. Nyuma ya skrini hakuna udongo. Kuna ngozi tu, iliyotandazwa kwa nukta zilizounganishwa kuwa vipande vidogo, mara nyingi vya pembe nne, na chini ya ngozi hiyo ni patupu. Unapoona udongo unaongezeka, kwa kweli nukta zinasogea nje. Mchemraba una vipande 6. Ukiugawanya mara moja, kila kipande huzaa vinne, vinakuwa 24. Mara ya pili 96. Mara ya tatu 384. Mara ya sita unafika 24,576, na mara ya tisa umevuka milioni moja na nusu. Mwanafunzi akigundua hilo hukimbilia kwenye mamilioni, akidhani wingi wa nukta ndio uzuri wa sanamu. Kompyuta kuelemewa ni sababu moja ya kumzuia, na ndiyo ndogo.

Sababu kubwa imo ndani ya Shift. Kulainisha ni kutafuta wastani: brashi inapopita, kila nukta inasogezwa kuelekea wastani wa majirani zake. Nukta zikiwa chache, jirani yuko mbali, kwa hiyo mpito mmoja unaweza kutuliza shavu zima. Zikiwa milioni, jirani yuko hapo hapo. Wastani sasa unahusu vijidonge ambavyo jicho halivioni, na bonde lililokaa vibaya chini ya mfupa wa shavu litabaki pale pale hata upitishe Shift mpaka kidole kiume. Ndiyo maana nyuso nyingi za wanaoanza huonekana nyororo ukizisogelea na zenye mabonge ukirudi nyuma. Hawakukosa bidii ya kulainisha. Walipanda juu kabla ya kumaliza kilicho chini, na kule juu hakuna brashi inayolainisha tena kitu kikubwa.

Wastani huo huo una tabia ya kula. Ncha ya pua, ukingo wa sikio, mdomo wa juu, chochote chembamba kinachochomoza, majirani zake wote wako nyuma yake. Kwa hiyo kila Shift inakirudisha ndani kidogo. Mchongaji mzuri analijua hilo na hulainisha kwa nguvu ndogo, kisha hurudisha kilicholiwa. Nimeona mafundi ambao kidole chao kidogo hudunda kwenye Shift kama pigo la sekunde moja na kuachia, mipito miwili ya udongo, mguso mmoja wa kulainisha, mipito miwili tena. Wanaoanza hushikilia Shift na kusahau kuiachia.

Halafu kuna G, brashi ya Grab, inayoshika sehemu ya umbo na kuisogeza nzima. Ningemshauri mtu yeyote atumie muda mrefu zaidi kwenye G kuliko kwenye brashi nyingine yoyote. Haitengenezi alama ya kuvutia, haiongezi kunyanzi wala kovu, na picha zake hazina cha kuwaonyesha marafiki. Inachofanya ni kuweka kila kitu mahali pake: kidevu mbele kidogo, kisogo nyuma zaidi, taya chini. Lakini G ina gharama. Ukivuta pua kutoka kwenye tufe, vipande vya ubavuni vinarefuka na kuwa vyembamba, nukta zinaachana, na brashi ikipita hapo inakwaruza badala ya kuteleza.

Tiba ya hapo ni Ctrl na R. Programu hulijaza umbo kwa vijisanduku vya ukubwa mmoja, vokseli, kisha inatandaza ngozi mpya juu yake, yenye vipande vinavyokaribiana ukubwa kila mahali. Sehemu zilizopenyana ndani ya umbo moja zinaungana na kuwa mwili mmoja. Zana hii iliingia kwenye toleo la 2.81 mwishoni mwa 2019, wakati Pablo Dobarro alipokuwa akizifanyia upya zana nyingi za uchongaji za Blender, na ilibadilisha mwendo mzima wa kazi. Zamani ilibidi uamue mapema ngozi itapita wapi. Sasa unavuta, unatandaza, unachonga, unavuta tena. Ukipunguza ukubwa wa vokseli kwa nusu, vipande huongezeka takriban mara nne, kwa hiyo busara ni ile ile: anza na vokseli kubwa, na usizipunguze mpaka umbo likudai uzipunguze. Dalili iko wazi. Unapotaka kuchonga kitu na ngozi haina nukta za kukibeba, mstari wa kope unakuwa ngazi-ngazi, basi wakati umefika. Kabla ya hapo, kila nukta ya ziada ni nafasi ya kukosea.

Ctrl, Shift, F, G, Ctrl na R. Ukiongeza Ctrl na Z ya kutengua na Ctrl na S ya kuhifadhi, ambayo katika miji yetu inayokatika umeme inafaa kuwa desturi ya kidole kila baada ya hatua yenye maana, mtu anaweza kuchonga kichwa kizima. Kuna mabango yanayopanga vitufe mia moja kwa rangi, na watu huyabandika ukutani mbele ya meza. Sioni faida yake kubwa. Kitufe kilichokaririwa kabla ya kuhitajika hakina pa kushika. Njia iliyo nyoofu zaidi ni kufanya kazi kwa menyu mpaka mkono uchoke kwenda mahali fulani mara kwa mara, kisha kutafuta kitufe cha mahali hapo tu. Uchovu wenyewe umekuonyesha kipi ni chako. Isitoshe, herufi zilizopewa brashi hubadilika matoleo mapya yanapotoka, na kila mtu anaweza kuzipanga atakavyo kwenye mapendeleo ya programu. Ctrl na Shift ndizo zilizosimama imara.

ZBrush walilitatua tatizo la brashi nyingi kwa njia ninayoistaajabia. Ina brashi nyingi mno kuliko herufi za kibodi, kwa hiyo wakatumia mfululizo: B inafungua ghala lote la brashi, herufi ya pili inachuja majina, ya tatu inachagua. B, C, B ni ClayBuildup. B, M, V ni Move. B, S, T ni Standard. Ukisimama nyuma ya mtu aliyeizoea unasikia mapigo matatu ya haraka, kisha kimya, kisha mapigo matatu mengine. Haitazami orodha inayofunguka. Inafunguka na kufungwa kabla jicho halijaifikia. Sanduku la zana mia limekaa ndani ya mwendo wa vidole viwili au vitatu.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu kama uchongaji ni kuzunguka. Sanamu ya udongo huwekwa kwenye meza inayozunguka, na mchongaji huizungusha bila kukoma, kwa sababu shavu linaloonekana sawa kwa mbele linaweza kuwa bapa kabisa kwa pembeni. Kwenye Blender gurudumu la kipanya likibonyezwa na kuburutwa linazungusha mtazamo, likiwa na Shift linausogeza kando, na kwenye safu ya namba za pembeni 1 ni mbele, 3 ni kulia, 7 ni juu. Kompyuta mpakato nyingi hazina safu hiyo ya namba, na wenye kutumia kipanya cha kugusa hawana gurudumu. Mipangilio ya Blender ina nafasi ya kuzifanya namba za juu zitende kazi ya zile za pembeni, na nyingine inayoifanya Alt pamoja na mbofyo wa kushoto kuwa gurudumu. Wapo waliokata tamaa na programu hii siku ya kwanza kwa kutojua visanduku hivyo viwili tu.

Mchongaji hodari hafanyi mipito mingi kutoka pembe moja. Hupiga miwili mitatu, anageuza. Miwili mitatu, anageuza. Mara kwa mara hurudi nyuma mpaka kichwa kiwe kidogo sana kwenye skrini, au hulijaza umbo rangi moja bapa isiyo na kivuli, ili abaki na mzingo wake tu: mstari wa paji la uso ukishuka kwenye pua, kidevu kikikutana na shingo. Kama mzingo hausemi kwamba huyu ni mzee, makunyanzi hayatasema. Mafundi hawa huwa na shaka hata na kivuli wanachokitazama. Ile rangi nzuri ya udongo mwekundu ambayo wengi huchongea, inayoitwa matcap, si mwanga wa kweli. Ni picha ya tufe lililokwisha kuangazwa, nayo humfuata mtazamaji. Ukizunguka sanamu, mwanga unazunguka nawe. Inasomesha umbo vizuri sana, na pia inasamehe makosa, kwa hiyo wenye kujali huibadilisha kila baada ya muda ili jicho lisizoee.

Tuseme basi unachonga kichwa cha mzee. Tufe, vokseli kubwa, ulinganifu wa X ukiwa umewashwa, kama Blender inavyouwasha yenyewe, ili kila unachofanya kulia kitokee kushoto. Kwa muda mrefu, mrefu kuliko subira ya wengi, hakuna uso. Kuna G pekee. Tufe linabanwa ubavuni, kwa kuwa kichwa kwa mbele ni chembamba kuliko kilivyo kwa pembeni. Kisogo kinavutwa nyuma. Wanaoanza karibu wote hukiacha kifupi, kwa sababu sisi hutazamana usoni na fuvu hatulifikirii. Taya linashushwa. Shingo inatoka kwa chini ikiinamia mbele, si wima. Mstari wa macho unawekwa katikati kabisa ya urefu wa kichwa, kati ya utosi na kidevu, na hapa pia jicho lisilofundishwa hukataa, likitaka kuupandisha. Matundu ya macho yanachimbwa kwa Ctrl, mapana kuliko unavyodhani, maana kinachochimbwa ni nafasi ya mfupa, na jicho lenyewe litakuja kukaa humo kama tufe jingine. Kisha udongo unarudishwa kwa brashi ya Clay: nyusi, mwanzi wa pua, mifupa ya mashavu, mdomo uliojengwa juu ya mviringo wa meno wala si kuchorwa juu ya bapa.

Uzee wa mzee huyu unaanzia hapa, mapema, kwenye umbo kubwa. Mashavu yameingia chini ya mfupa. Ngozi ya chini ya taya imelegea, na kona za mdomo zimeshuka. Kope ya juu imelalia jicho. Yote hayo yanachongwa kwa vipande elfu chache, na yakikaa sawa, mtu aliye upande wa pili wa chumba atajua ni mzee kabla kunyanzi hata moja halijachorwa. Makunyanzi yakija, yanakuja yakiwa na sababu: yanakata mkondo wa msuli ulio chini yake, ya paji la uso yanalala kwa sababu msuli wa hapo huvuta wima, ya kando ya jicho yanatawanyika kwa sababu msuli wa jicho ni duara.

Kwa vinyweleo na mikunjo midogo ya ngozi, wengi huhamia kwenye ngazi za mgawanyo, na hapo kuna uvumbuzi ninaouona kuwa mzuri kuliko yote katika programu hizi. Kila ngazi haishiki umbo upya. Inashika tofauti kati yake na ngazi iliyo chini. Kwenye ZBrush D inapanda ngazi moja, Shift na D inashuka. Umemaliza vinyweleo, umerudi nyuma, umeona taya ni pana mno. Unashuka ngazi baada ya ngazi mpaka kichwa kinabaki vipande vichache, unalibana taya kwa mpito mmoja, unapanda tena, na vinyweleo vyote vipo, vimelifuata taya lilikokwenda. Mwenye kuchonga jiwe hajawahi kupata ruhusa kama hiyo. Na ruhusa hiyo ina manufaa kwa yule tu aliyejenga ngazi za chini kwa uaminifu. Aliyeruka, akishuka hukuta bonge lisilo na maana ambalo haliwezi kurekebishwa.

Sikio ndilo linalonionyesha kama mtu ameishika kazi. Wengi huliacha mwisho, au hulificha kwa kofia. Lipo nyuma ya katikati ya kichwa kwa pembeni, kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua, likiegemea nyuma kidogo. M inaleta brashi ya maski, na unapaka umbo la sikio ubavuni mwa kichwa. Palipopakwa panakuwa peusi, na brashi nyingine haziwezi kupagusa. Ctrl na I inageuza: sasa kichwa chote kimefungwa, sikio pekee liko huru. Unalivuta kwa G litoke, ukingo wa nyuma zaidi ya wa mbele, maana sikio hufunguka mbele. Alt na M inaondoa maski. Ctrl na R inatandaza ngozi upya pale ilipovutika. Kisha Ctrl ikiwa imeshikiliwa, unachimba kile kishimo cha kati, na udongo unarudi kwenye ukingo wa nje, ule unaoanzia ndani ya kishimo chenyewe, unapanda, unazunguka juu na kushuka mpaka kwenye ndewe. Mkunjo wa ndani unagawanyika mara mbili kwa juu. Brashi ya Crease inakaza mfereji kati ya kingo hizo mbili. Shift kidogo, kidogo sana, kwa kuwa hapa kila kitu ni chembamba na wastani una njaa.

Sikio la pili limejichonga upande wa pili, na hapo ndipo wengi huihesabu kazi kuwa imekwisha. Bado. Uso wa pande mbili zinazolingana kabisa haupo kwa binadamu, na macho yetu yanalijua hilo hata kama hatuwezi kulieleza. Sanamu ya namna hiyo, hata ikiwa na kila kinyweleo, inabaki barakoa. Zima ulinganifu wa X. Shuka kwenye ngazi ya chini, bonyeza G, panua duara kwa F mpaka lifunike karibu nusu ya kichwa, shusha nguvu kwa Shift na F. Nyusi moja juu kidogo. Kona ya mdomo ya upande ambao mzee huyu ametafunia maisha yake yote, ndani na chini. Pua mbali kidogo na mstari wa katikati, taya likifuata upande huo huo. Ni mipito michache, yote kwa brashi pana, na baada ya kila mmoja mchongaji aliyefika hapa hurudi nyuma, anazungusha, na kuangalia kutoka mbali kabla hajauamini.